Siku askari aliita "Paluku, simama!" mu fête yetu ya Butembo

Siku ya posho, yaani samedi, Jumamosi, mwezi wa saba, mu miaka ya vita. Asubuhi ukungu ulifunika Butembo mpaka hatukuona nyumba ya jirani. Kisha jua likatoka, na vumbi nayo ikatoka.

Wakuu wa humu, nawasalimu wote. Mimi nilisoma primaire tu, mukiona makosa munivumilie. Nitaandika ile niliona na macho yangu. Pahali sina hakika, nitasema sina hakika.

Jina langu ni Paluku. Muliweke hilo mu kichwa, juu habari yote iko hapo.

Kwetu Banande, jina linafuata namna mutoto alizaliwa. Kijana wa kwanza mu nyumba, mara nyingi ni Paluku. Wa pili, Kambale. Binti wa kwanza, Masika. Donc ukiita Paluku mu soko ya Butembo, soko nzima inageuka.

Wakati ule vijana ba Katoliki na ba Protestanti walipanga pamoja fête, sherehe ya siku mbili, mu salle ya paroisse, ukumbi wa parokia: kubadilishana mawazo, muziki na vichekesho. Nilijiuliza, nani atacheka wakati huu? Batu walikuwa wanakimbia vijiji, na barabara ya Beni ilikuwa barrière juu ya barrière, vizuizi vya askari.

Mais salle ilijaa mpaka batu wakakaa mu madirisha.

Wageni walilala mu familia. Sisi tulipewa mucheshi kutoka Beni, kijana mwembamba, mupole, hata chumvi alikuwa anaiomba kwa sauti ya chini. Naye jina lake Paluku.

Bibi yangu Masika, yaani muke wangu, alicheka: "Sasa niko na ba Paluku batatu mu nyumba moja. Nikiita, nani ataitika?" Wa tatu ni kijana wetu wa kwanza.

Siku ya posho ile ilikuwa nzuri sana. Vijana waliotoka Kipese walipiga gitaa, groupe, mashine ya umeme, ikazimika katikati ya wimbo, na salle nzima ikaendelea kuimba mu giza. Mpaka leo sijasikia muziki kupita ule. Labda ni masikio yangu.

Ku mawazo, walizungumuza habari ya barabara: tungoje serikali, ama tuitengeneze sisi wenyewe? Mama mumoja muchuuzi wa maharagi, aliyetoka Luofu, akasimama:

"Baba zangu, matope hapana kuuliza nani anatawala. Mvua ikinyesha, maharagi yangu inaoza chini ya kila serikali."

Batu walipiga mikono mpaka akaona haya.

Kisha mugeni wetu akapanda. Wakuu, yule mupole wa chumvi sikumutambua! Aligeuka mama mwenye kuku, akageuka askari wa barrière.

"Mama, huyu kuku anaenda wapi?"

"Butembo, afande."

"Iko na ruhusa ya safari?"

"Kuku? Hapana."

"Basi wewe pita, yeye abaki."

Kesho yake mama anarudi kuuliza kuku yake. Askari anapanguza mafuta ku midomo: "Mama, alihamishwa kazi. Alipata mutation. Sasa iko ku état-major, makao makuu ya jeshi." Na akajipapasa tumbo.

Salle ilianguka kwa kicheko.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, misa na ibada zilipokwisha, tulirudi mu salle. Ndipo commandant akaingia na walinzi wenye bunduki. Mutu alikuwa amemupelekea habari ya kuku. Nani, sijui, na sitaki kusingizia mutu.

Alichukua mikro. Hakuwa wa kwetu, alisema Lingala: "Paluku, telema!" Yaani, simama.

Basi ba Paluku wote wakasimama.

Mbele, nyuma, mu madirisha. Katekista muzee alisimama na fimbo yake. Mama mumoja akainua mutoto wa kunyonya: "Na huyu pia, afande." Na mimi nilisimama.

Tangu siku ile batu wanasema ilikuwa ujasiri. Kwa wengine labda ni kweli. Mimi nikiitwa jina, ninasimama tu. Magoti ilitangulia kichwa. Nilipoelewa, niliogopa kukaa, juu mwenye kukaa peke yake ataonekana.

"Ni nini hii? Munanichezea?" commandant akauliza.

Tulijua vijana waliochukuliwa namna hiyo na hawakurudi.

Mugeni wetu alikuwa kando ya jukwaa, na mulango wa nyuma ulikuwa wazi karibu naye. Angepita. Yeye akapanda jukwaani.

"Mon commandant, usibakasirikie. Hapa kila nyumba iko na Paluku yake. Yule wa kuku ni mimi."

"Rudilia hiyo kuku. Mbele yangu."

Alirudilia yote, hata mafuta ku midomo. Hakupunguza neno. Alipojipapasa tumbo, mulinzi mumoja alitoa sauti puani kama mutu anazuia chafya.

Commandant alimwangalia mulinzi, akatuangalia sisi tuliosimama.

"Ni uongo," akasema. "Ku barrière yangu tunakula sombe, majani ya muhogo tu, bila mafuta. Hiyo mafuta ya kupanguza ku midomo ilitoka wapi?"

Yule mama wa Luofu akajibu kutoka nyuma: "Afande, ilitoka mu kuku yangu!"

Hapo salle ikapasuka. Commandant alikaza uso, ukamushinda, akacheka. Akarudisha mikro: "Ba Paluku, mukae." Akaenda na batu yake.

Niseme haki. Barrière hazikuondoka, kesho yake zilikuwa pale pale. Mais yule mutu angeweza kumuchukua mugeni wetu na hakumuchukua. Na ile ya sombe bila mafuta, labda ilikuwa kweli.

Somo nililopata ni hili: kusimama pamoja na wengi, hata mimi niliweza. Kusema "ni mimi" wakati wengi wamekuficha bila kujua, hiyo sijui kama ningeiweza.

Nyinyi wakuu mungefanya nini? Na kama kuna ba Paluku humu waliokuwa mu salle ile, musahihishe pahali nimekosea.

Jioni Masika alichinja kuku yetu ya mwisho, "kabla haijapata mutation." Tulikula na fufu ya muhogo na sombe yenye mafuta. Alichota firigisi, akaiinua: "Hii ni ya Paluku."

Sahani tatu zikanyooshwa. Alipita yangu, akapita ya mutoto wetu, akaiweka ku sahani ya mugeni.