Majani ya Pembeni

Mama alikuwa na kila haki ya kunikasirikia. Aliniomba picha moja tu, nami nikamlisha visingizio miezi minane.

Yeye ni mfinyanzi, kwetu karibu na Ndhiwa. Mimi ninaandika mabango ya maduka mjini Migori, na nina ugonjwa wangu wa kushika kitu na kukiacha. Safari hii nilishikwa na urembo wa kale wa Ulaya. Kwenye simu nilikutana na kurasa za vitabu vya zaidi ya miaka mia nne, zilizopigwa chapa kwa mbao za kuchongwa. Pembeni mwa maandishi majani yalijisokota, na ndege mwenye mkia wa samaki akachungulia katikati yake. Moyo ulinienda mbio. Nilimwonyesha mama, akaileta simu karibu kabisa na pua.

"Fundi huyu hakuacha hata pa nzi kutua," akasema akicheka. "Nichongee na mimi. Lakini iishe, nyathina, mwanangu, nataka kuiona ikiwa imeisha."

Mwezi huohuo daktari wa macho kule Homa Bay alituambia mama ana presha ya macho. Dawa ingechelewesha giza, lakini kilichokwisha kupotea hakingerudi.

Mwingine angeketi akachonga. Mimi nikawa kiguu na njia. Nilichonga majani matatu, nikaulaumu ubao, nikaenda kutafuta mwingine. Huo nao nikamchukia ndege wake. Siku nyingine nilinoa patasi hadi jioni bila kuchonga chochote. Vipande vinne niliviacha nusu, nikijidai natafuta ubora. Uongo mtupu! Niliogopa kumaliza, kwa sababu kazi iliyoisha hutazamwa, na jicho la mama lilinitisha kuliko la mteja yeyote.

Kila Jumapili alinipigia simu kuuliza kama imeisha. Kisha akaacha kuuliza, nami, aibu yangu hiyo, nikapumua.

Kipande cha tano nilikimaliza kwa siku nne, karibu bila kula. Nilikipaka wino kwa rola, nikalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Majani yakatoka, meusi, yamebanana, na ndege wangu katikati. Nilipanda gari la kwanza la kwenda Ndhiwa.

Mama alikuwa uani akikanda udongo. Alinawa mikono, akaikausha kwa leso yake, akaipokea karatasi na kuielekeza kwenye jua. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema. "Majani umeyaweza."

Alikuwa akitazama mgongo wa karatasi, upande usio na kitu.

Nilisema asante. Akauliza tuitundike wapi.