Mlamula Ndani ya Ndoo

Jirani yangu wa hapa Nyanga alinijia asubuhi moja amekumbatia ndoo ya rangi, na ndani ya ndoo umesimama mlamula, mti wa alama ya mpaka wetu. Ule ule! Kaung'oa, kaupunguza mizizi, kaujazia samadi.

"Waitu, ndugu yangu, nimekuletea mti wako. Mizizi ilikuwa inanipasulia ukuta. Uweke barazani, utapendeza."

Mawe, mama wee! Mhaya mzima, kazaliwa hapahapa, ananiletea mpaka kwenye ndoo! Hata mtoto wa huku anajua mlamula wa mpakani hauguswi. Ule waliupanda mama yangu na mama yake, wameshika jembe moja, na hatua tatu upande wetu ndipo mama alipolala. Wote wawili hawapo. Shahidi aliyebaki ni mti.

"Kwa hiyo nikiuweka sebuleni kwako, sebule itakuwa yangu?" nilimuuliza.

Akacheka. Akasema nisikuze mambo, twende nikauone ufa kwa macho yangu.

Ufa ulikuwepo kweli, lakini mpaka uko mbali na ukuta ule. Chini ya ufa ndipo alipoweka chungu cha mtoma wake wa mapambo, mti wa jamii ya mkuyu, anaouringia kwa kila mgeni. Nikamwambia akisogeze. Akavuta, hakikutikisika. Akavuta tena huku anahema. Mzizi mnene ulikuwa umetokea kwenye tundu la chini ya chungu na kuzama kwenye msingi wa nyumba. Miaka yote hajawahi kukigeuza wala kupogoa mizizi, halafu anauhukumu mti wa marehemu!

"Nyani haoni kundule," nilimwambia, na sikuomba radhi.

Akabeba ndoo, tukaenda mpakani. Alikuwa ameshasawazisha udongo na kutandaza nyasi, shimo halijulikani lilipo. Akaonyesha mara hapa, mara pale.

"Ilikuwa karibu na hapa, waitu."

Karibu! Na mama yangu je, naye amelala karibu? Nilipiga magoti nikafukua kwa vidole, machozi yananitoka, mpaka nikaupata mzizi alioukata, wenye rangi ya chungwa, bado mbichi.

"Lete jembe."

Tulilishika pamoja, kama mama zetu. Ila wao walikuwa wanapendana.