Kiraka cha Nje

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, Papa Fundi alinipa suruali iliyochanika gotini. "Mwana-Tanga," alisema, maana jina langu hakuliuliza mpaka wiki ya pili, "tililia hapa. Ukimaliza, patafute mahali uliposhona. Ukipaona, fumua."

Kutililia, ninyi mnaoanza sasa, ni kuziba tundu kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye nguo hiyohiyo, zikipishana mpaka jicho lidanganyike. Nilifumua sana! Duka letu lilikuwa mtaa wa Doornfontein, huku kusini mwa Afrika, chumba kimoja juu ya gereji, na mimi niliyeishia darasa la saba nilijiona nimeingia chuo. Papa Fundi, mtu wa Lubumbashi, alivaa suti hata kunywa chai. Kwake heshima ya mtu ilianzia kwenye pindo la suruali.

Nilianzia kwenye pasi, nikapanda kwenye vifungo, kisha bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Mwaka wa tatu nikapewa cherehani ya dirishani, nikawa napokea wateja. Ndipo nilipowajua Wazungu wa Braamfontein, mtaa wa chuo kikuu, wahadhiri wageni na watoto wao. Wazazi waliuliza, "Itadumu?" Watoto waliuliza, "Kitambaa kimetoka wapi? Aliyekifuma anaishi vizuri?" Papa Fundi alininong'oneza, "Eish, hawa wanataka kukioa hiki kitambaa?"

Siku moja akaingia mhadhiri mmoja, mama wa Kiholanzi, na binti yake. Walileta koti la sufu la kijivu lililotoboka kiwikoni, koti la marehemu bibi yake binti huyo. Mama alitaka tundu lipotee. Binti, ambaye ndiye angelivaa, alitaka kiraka kionekane, tena kwa uzi mwekundu.

"Kiraka nje?" Papa Fundi alishika tai yake kama imemkaba. "Duka hili halitoi viraka."

Wakabishana wenyewe, kwa Kiingereza, nadhani ili tuwaamulie.

"Nimezaliwa baada ya vita vikuu vya Ulaya, njaa ingalipo," mama alisema. "Nilikwenda shule na kiraka, wakanicheka. Nimefanya kazi maisha yangu yote ili wewe usivae kiraka. Benki ikakuita, ukaikataa, ukaenda kupanda miti!"

"Kwa sababu ulifanya kazi, Mama, ndiyo maana mimi sikiogopi kiraka. Njaa yako siijui. Wewe ndiye uliyenikinga nayo."

Machozi yangu huwa karibu siku zote. Nikajifanya natafuta sindano. Kisha nikausikia mdomo wangu ukisema, "Niachieni mimi."

Walipotoka, Papa Fundi akanijia. "Binti, ukiliharibu unarudi kwenye pasi. Cherehani nampa mwingine."

"Sharp, Papa," nilijibu, yaani sawa, nikalivuta koti mezani kwangu.

Kwanza nililitililia lile tundu, kwa adabu zote alizonifunza, mpaka likapotea. Kisha juu yake, mahali pasipo na tundu tena, nikabandika kiraka cha sufu niliyoikata ndani ya pindo, nikakizungushia uzi mwekundu, mishono midogo kama punje za mchele.

Waliporudi, mama alikunja uso. Akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa koti, akapapasa.

"Hakuna tundu."

"Halipo, mama."

"Sasa kiraka cha nini?"

"Cha kumkumbuka bibi," binti alisema.

Mama akacheka huku akipangusa macho, akamvisha bintiye koti, akamfunga vifungo mwenyewe mpaka shingoni, kama anampeleka shule. Kesho yake nilipofika, Papa Fundi alikuwa ameitia mafuta cherehani yangu ya dirishani.

Mimi mwenyewe bado napenda nguo mpya, sikatai. Kwetu wengi bado tunaitafuta ile ya kwanza isiyo na tundu. Ila tangu siku hiyo, mtoto akikipenda kile alichokikimbia mzazi wake, simwiti mjinga. Nauliza nani alimtililia.

Papa Fundi alistaafu mwaka 2019. Kabla ya kurudi kwao alinipa koti lake la safari, zima kabisa.

"Weka kiraka. Uzi mwekundu."

"Nje, Papa?"

"Una wazimu? Lubumbashi wananijua! Kwenye bitana, upande wa moyo."

Nikakishona. Nilipomaliza nikapatafuta mahali niliposhona, nikapaona waziwazi. Sikufumua.