Video ya Ukuta wa Yasmina

Alhamisi saa mbili asubuhi simu yangu iliita, na mwanaume nisiyemjua akaniita kwa jina la mwanamke.

"Mwaramutse. Naongea na Yasmina Mukarugwiza?"

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Nina ndevu.

Ila jina nililijua. Yasmina ni fundi cherehani hapa mtaani kwetu, Gitega, ndiye anayenipangisha chumba cha nyuma ya duka lake. Mimi nimezurura sana, Kigoma, Uvira, Bujumbura, karatasi zangu zikapotea njiani moja moja. Akanionea huruma, akanisajilia laini kwa kitambulisho chake.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Valens, napiga kutoka ofisi ya serikali, Kacyiru. Ni kuhusu ile video."

Nikakata simu.

Wiki mbili nyuma, katapila la watu wanaopanua mtaro liligonga ukuta wa duka la Yasmina. Jua kali, wingu hakuna. Nilikuwepo, nikarekodi, na mdomo wangu ukashindwa kutulia: "Tazameni jamani! Mchana kweupe wanabomoa nyumba ya mtu, na bosi wao anacheka!"

Nikaitupia kwenye grupu la mtaa na kwenye ukurasa wangu. Watu wakaipenda.

Kisha Yasmina akaletewa karatasi yenye mhuri. Eti ukuta umeangushwa na mvua. Eti jengo ni hatari, litavunjwa Ijumaa. Fidia hakuna.

Sasa mtaani kwetu yupo Usumani. Zamani alikuwa anasema sana mtandaoni, maji yakikatika anasema, bei ikipanda anasema. Siku moja akaitwa mahali. Akarudi jioni mzima, hata mchubuko hana. Tangu hapo anaposti mpira tu.

Ukimuuliza kulikoni, anakujibu: "Muzehe, timu yetu inahitaji beki."

Basi nikamfikiria Usumani, nikaanza kazi.

Nikafuta video kwenye ukurasa. Nikaandika kwenye grupu: "Futeni ile video sasa hivi, kuna hatari." Nikaipangusa simu yote, ikawa tupu kama siku niliyoinunua. Laini nikaivunja kwa meno.

Nikabeba begi, nikapita dukani kumwonya Yasmina.

Mlango umefungwa.

Mukandekezi, muuza mboga wa jirani, akanitazama. "Yasmina ameitwa Kacyiru. Hata chai hakumaliza."

Nikaliweka begi vizuri begani.

Nisiwadanganye. Nilienda stendi ya mabasi, Nyabugogo. Nikakata tiketi ya Rusumo, mpakani, nikakaa dirishani. Maisha yangu yote matatizo nimeyamaliza kwa kupanda basi.

Dereva akawasha gari. Nikawaza: maneno ni yangu, lakini jina ni la yule mama. Akilala ndani leo, amelala kwa mdomo wangu.

"Konda, nishushe!"

"Muzehe, hela hairudi!"

"Kaa nayo!"

Kacyiru nilifika kwa pikipiki, jasho linanitiririka. Nikaulizia Valens, nikaonyeshwa mlango, nikaingia bila hodi.

Yasmina ameketi mbele ya kijana wa tai.

"Mwacheni huyu mama!" nikapiga kelele. "Video ni yangu, sauti ni yangu! Nikamateni mimi!"

Yule kijana akasimama. Akanivutia kiti.

"Karibu, Muzehe. Tangu asubuhi tunakutafuta, simu haipatikani."

Sikuelewa. Yasmina akashika kichwa.

"Muzehe, nililalamika mimi. Niliandika barua. Nikawaambia ushahidi upo kwenye namba ile unayotumia wewe, iliyo kwa jina langu."

"Mbona hukuniambia?"

Akaliangalia begi langu begani. "Ningekwambia ungekimbia."

Valens akaangalia saa. "Kikao cha malalamiko kinaanza saa nane. Wakiona katapila linagonga ukuta, kesho hakivunjwi kitu. Nionyeshe."

Nikaitoa simu tupu mfukoni.

"Nimefuta."

"Si ipo kwenye grupu?"

Yasmina alishachukua simu yake. Yake ni ya vitufe tu, haipokei video. Akampigia Mukandekezi. Amefuta. Akampigia Usumani. Amefuta, wa kwanza kabisa. Akampigia na katibu wa grupu, naye hivyo hivyo; akauliza grupuni, wote wamefuta.

Watu mia moja na kumi. Hata mmoja hakuuliza kwa nini.

Valens akaweka kalamu chini. "Nani aliwaamuru mfute?"

Nilitafuta jina la kumtajia. Sikulipata.

"Hakuna," nikasema.

Ijumaa saa tatu duka likavunjwa. Dakika ishirini tu. Yasmina alisimama amekumbatia cherehani, hakulia.

Sasa anashonea kwenye baraza la Mukandekezi. Mimi amenitafutia chumba kingine kwa shemeji yake. Kila asubuhi ananisalimia kama kawaida, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angenitukana.

Ndugu zangu mnaosoma, sikuja kuwaambia msiogope. Mimi mwenyewe bado naogopa, na si mimi niliyeianzisha hofu hii. Mtu mmoja akiitwa, mtaa mzima unajifunza kujifuta, na baada ya hapo hakuna haja ya kumwita mwingine.

Ogopa tu, ni haki yako. Lakini kabla hujabonyeza kufuta, muulize kwanza mwenye ukuta.