Hindi la Bibi na Kalenda ya Kompyuta

Nyumbani kwetu Kwaluguru mahindi mabichi ya kwanza hayakuliwa ovyo. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyeonja kwanza, na alikuwa haonji mpaka mjukuu aliyemlea awe amekaa naye jikoni. Kwa majirani sikuiona desturi hiyo, kwa hiyo siwezi kusema ni ya Wazigua wote. Labda ilikuwa ya bibi tu. Mjukuu aliyemlea ni mimi.

Mimi nilikuwa Korogwe, nachapa barua za watu. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi ya taipu. Tajiri wangu aliponunua kompyuta, siku zile vitu vya nje vinaingia kwa wingi na kila mwenye duka anataka chake kipya, nilidhani atatafuta msichana wa fomu foo. Akanikalisha mimi.

Ndani ya ile mashine mlikuwa na kalenda. Unafungua siku, unaandika kazi, na siku ikifika inalia na kukuonyesha ulichoandika. Chini kuna vitufe viwili: kimoja cha kufuta, kingine cha kuahirisha. Niliipenda kupita kiasi. Humo niliandika kununua mafuta ya taa, kufua shuka, kumjulia hali jirani.

"Dada, hata kuoga umeandika?" tajiri aliniuliza.

Kuoga sikuandika. Niliandika kusuka nywele.

Miaka ya nyuma bibi alikuwa akituma neno kwa pikapu ya abiria mpaka Mkata, na konda wa basi ananiambia, "Yametoa ndevu," nami naomba likizo. Mwaka ule masika ilipopiga bati la ofisi kwa fujo, nikaona nisimsumbue mtu. Lakini kalenda haipokei maneno kama "mahindi yakiwa tayari". Inataka tarehe. Nikahesabu kuanzia mvua ile, nikaandika "Kwenda kwa bibi", nikaomba likizo mapema. Nilijiona mjanja kidogo.

Siku ikafika, ikalia. Nikashuka Mkata na sukari yangu na kanga, nikapanda pikapu iendayo kwetu. Kadiri tulivyokwenda, mahindi ya barabarani yalizidi kuwa mafupi. Ya kwetu yalifika magotini. Bibi alikuwa anapalilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeachika?"

"Nimefuata mahindi."

Akalitazama shamba, akanitazama mimi. "Yapi hayo yaliyokuita?"

Nikamweleza habari ya mvua na kompyuta.

"Mvua hiyo ni ya Korogwe," akasema. "Ya hapa imechelewa. Kwani hicho chombo chako hakina dirisha?"

Nilipalilia naye mpaka likizo ikaisha, na sitadanganya, nilifurahi. Ila tulikaa jikoni tukila ugali wa mahindi ya zamani, na kila nilipotazama moto ule niliona kitu kinakosekana. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani.

"Yakiwa tayari utakuja," akasema. Hakuuliza.

Mahindi yakatoa ndevu, na konda akaniletea habari. Nikaenda kwa tajiri. Yeye ni Msambaa wa Kwashemshi, huko milimani ambako mvua haiwi mgeni.

"Ninyi Wazigua," akasema, "mvua yenu inakuja kwa miguu." Kisha akaacha utani. Walimu walikuwa wameleta mitihani ya muhula, na mchapaji nilikuwa mimi peke yangu. Alikuwa na haki. Likizo niliyoitaka alikwisha kunipa, tena bila kubisha. Mashine nayo ililia siku niliyoiambia. Kwenda na kurudi Jumapili moja hakukuwezekana, maana pikapu ya kwetu ilitoka Mkata siku za gulio tu.

Nikaiandika safari upya kwenye kalenda; ilipolia, nikaahirisha. Wiki iliyofuata konda akapita tena.

"Dada, bibi yako hajaonja. Watoto wa mjomba wako wanayatazama tu, mate yanawatoka."

Nikaahirisha tena. Safari nyingine akaniambia majani yameanza kukauka. Hapo nikamtuma neno: "Mwambie aonje. Asinisubiri."

Siku chache baadaye akaniwekea mezani kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na hindi la kuchoma, limepoa, limekuwa gumu. Nusu yake ilikuwa imeliwa, na mapengo ya bibi niliyatambua kwenye gunzi, punje moja moja zilizomshinda. Nusu ya pili haikuguswa.

"Amesema yeye ameonja mpaka hapo," konda akasema. "Huku ni kwako."

Nikala pale pale kwenye kiti cha kazi, polepole, punje moja moja, lisije likaisha. Lilikuwa na moshi wa jikoni kwetu. Nikiwa bado natafuna, mashine ikalia: Kwenda kwa bibi. Nikabonyeza kuahirisha. Ikaniuliza mpaka tarehe gani.

Konda alikuwa mlangoni anaondoka.

"Kaka," nikamwita, "mvua ikianza, uniambie."

"Mbona ikinyesha utaisikia juu ya bati hapo?"

"Ya kwetu," nikasema. "Uniambie ya kwetu."

Ile nafasi ya tarehe nikaiacha wazi.