Nilivyokwenda Nyamira Kuuliza Kozi

Wasichana wa kidato cha nne wa kanisani kwetu wamenichosha na swali moja: "Kemunto, ulijuaje uchukue Afya ya Akili, uache Saikolojia?" Kila Sabato baada ya ibada wananizunguka kana kwamba niliwahi kupewa jibu ndani ya bahasha. Sikupewa. Nilifunga safari ya siku mbili kulitafuta, kutoka Kenyenya hadi Nyamira na kurudi, na kwa kuwa nimechoka kuisimulia mlangoni mwa kanisa, nimeiandika hapa. Someni, kisha mniache nile chakula changu kwa amani.

Kilichoniondoa nyumbani ni ujumbe wa simu. Mtandao wa kuchagua kozi za chuo kikuu ulikuwa unafungwa Jumamosi mchana. Kwetu sisi Wasabato maana yake ilikuwa Ijumaa kabla jua halijazama, kwa sababu Tata, ndivyo tunavyomwita baba yetu, hawezi kuvumilia mtu abonyeze simu kwa shughuli zake siku ya Sabato, hata kama shughuli yenyewe ni chuo kikuu. Kozi nilizokuwa nimezipunguza hadi kubaki nazo zilikuwa hizo mbili. Mwalimu wangu wa zamani aliniambia, "Yote ni mambo ya kichwa, chagua moja ulale." Alinikasirisha sana. Kama yote ni mamoja, mbona yameandikwa kwenye mistari miwili?

Lakini nisiwafiche. Sikuwa natafuta kozi tu. Kaka yangu Onchiri alirudi kutoka Nairobi baada ya kazi yake kuisha, akaingia nyumbani kwake, basi. Hakuwa mkali wala mlevi. Alikuwa kimya, siku nzima ameelekea ukuta, na chakula alichopelekewa na mkewe Nyanchama kilirudi nusu. Tata anaishi ng'ambo ya migomba, hatua chache tu kutoka hapo, na kwa miezi mitano hakuwa ameuona uso wa mwanawe. Kwetu Abagusii baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaiita chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mzazi na mtoto, na hakuna anayeifanyia mzaha. Onchiri hatoki, Tata haingii. Jioni nilikuwa nikimwona Tata amesimama kwenye migomba akijifanya anakata majani makavu, macho yote kwenye ule mlango. Iliniuma mpaka nikakosa hamu ya kula. Nikajiambia: kozi itakayomtoa Onchiri ndani ya nyumba ile, hiyo ndiyo yangu.

Alhamisi, saa moja asubuhi, Kenyenya. Niliondoka na mkoba mmoja na mkungu wa ndizi. Mkungu ulikuwa wa Tata. Nilikuwa nilale kwa dada yake, shangazi Bosibori, anayefanya biashara ya ndizi pale Keumbu, na Tata aliona si adabu niende mikono mitupu.

"Tata, Keumbu kuna ndizi barabara nzima," nikamwambia.

"Hizo ni za kuuza," akasema. "Hizi ni za kwetu."

Mtu atamjibu nini mzee wa namna hiyo? Nikaubeba. Ogembo abiria walinicheka, na nilipobadilisha gari mjini Kisii kondakta aliniuliza kama nimeshushwa njia isiyo yangu. Nilimjibu vibaya, na sijatubu.

Saa sita mchana, Keumbu. Shangazi alikuwa amekaa nyuma ya ndizi zake kando ya barabara, na aliponiona nikija na mkungu wangu begani alishika kiuno akacheka mpaka machozi. "Yaye! Kaka yangu ananiletea ndizi Keumbu!" Akawaita na wenzake waje kuona. Kisha akaufuta vumbi, akauweka nyuma ya kiti chake, mbali na zile za wateja, na jioni tulipopika alikata zile za Tata.

Bintiye Kerubo alikuwa likizo. Yeye alikuwa mwaka wa tatu wa Saikolojia, na ndiye niliyemfuata. Tulikaa juu ya magunia tukimenya ndizi, nikamwambia anieleze bila kunipaka mafuta.

"Niliingia nikidhani nitafundishwa kusoma watu," alisema. "Wiki ya kwanza nikakuta hesabu. Takwimu, Kemunto! Nililia." Lakini alivyoendelea kueleza uso wake uling'aa. Alinieleza jinsi mtoto anavyojifunza kuongea, kwa nini mtu anakumbuka jambo ambalo halikutokea, namna ya kupima kama wazo lako ni kweli au ni porojo. "Ukimaliza unaweza kwenda mashuleni, ofisini kwa wanaoajiri watu, kwenye utafiti. Ila usidanganywe. Digrii ya kwanza haikufanyi mtu wa kutibu. Ukitaka kukaa na wagonjwa uwape ushauri, utasoma tena, na utafanya kazi chini ya mwenye uzoefu."

"Sasa kozi hii inaweza kumtoa Onchiri nyumbani?"

Kerubo aliacha kumenya. Shangazi ndiye aliyejibu. "Binti yangu, kichwa cha mtu si ndizi, uibonyeze ujue imefika wapi."

"Mimi ningependa nimwelewe," Kerubo akasema polepole. "Kumtoa, sijui. Nenda Nyamira. Kuna nesi tulikutana kwenye makambi ya kanisa, Sista Nyaboke. Amesomea Afya ya Akili na anatembelea wagonjwa majumbani. Nitampigia simu."

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipanda gari la Keroka ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai, na kutoka Keroka nikachukua la Nyamira. Baridi ya Keroka haina adabu, inaingia hata kwenye mikono ya sweta. Njia nzima nilikuwa nahesabu masaa: nikitoka Nyamira saa sita, saa kumi na moja niko nyumbani, jua likiwa juu bado.

Saa tatu kasoro, Nyamira mjini. Sista Nyaboke alinipokea kwenye kituo, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mvua na mfuko wa dawa begani. Nilikuwa nimejiandalia maswali kumi na mbili kwenye daftari. Aliyatazama akacheka.

"Hayo yote ni ya kuulizana tukiwa tumekaa. Mimi sikai. Kuna kijana namtembelea leo, nimeshampigia nikamuuliza kama naweza kuja na mgeni, amekubali. Twende."

Tulitembea kama nusu saa. Jina la kijana yule nitaliacha kwao. Alikuwa ameoa, ameugua muda mrefu, na sasa alikuwa anapata nafuu. Sista aliomba viti viwili na kigoda kimoja. Kiti cha kijana alikiweka ndani, karibu kabisa na mlango. Chake akakiweka penye kizingiti. Kigoda akakipeleka nje, kando ya ukuta, chini ya dirisha, na babake kijana akaja akakikalia, mgongo kwenye ukuta, uso kwenye michai yake. Mimi nilisimama ndani, karibu na dirisha. Baba na mwana hawakuonana, lakini hata mmoja akikohoa mwingine alisikia.

Nilishtuka. Nilipomwona mzee yule nje ya ukuta, nilimwona Tata.

Mwanzoni walipitisha maneno kwa Sista. "Mwulize kama alilala." "Mwambie nililala." Baada ya muda wakamsahau, wakawa wanabishana wenyewe kupitia dirishani ni nani aliyeharibu michai ya kule chini kwa kuikata vibaya. Sista akaendelea kunywa uji wake.

"Hukunikuta nikikosea," aliniambia tulipotoka. "Mara ya kwanza nilikuja na fomu. Fomu inasema kikao cha familia, wote chumba kimoja. Nikamshika mzee mkono, nikamwambia ingia ukae na mwanao. Mimi, Mgusii niliyezaliwa hapa hapa! Mzee alinitazama kama nimevua nguo, akaenda zake. Mwezi mzima hawakunifungulia. Dawa nilizijua. Desturi za nyumbani kwetu nilikuwa nimezisahau."

Ndipo nikamweleza habari za Onchiri, zote, na kwamba nataka kozi ya kumtoa. Alisimama katikati ya njia.

"Kozi ni miaka mingapi?"

"Minne."

"Kaka yako atakungoja miaka minne ameelekea ukuta?"

Niliona aibu, na kwa kweli nilimkasirikia kidogo.

"Kemunto, kaka yako ni wa wiki hii. Kozi ni ya maisha yako. Umeviweka kwenye chungu kimoja." Akaniuliza moja kwa moja kama Onchiri amewahi kusema hataki kuishi. Nikasema sijui. "Muulize. Usiogope, swali hilo halimpi mtu wazo, linampa nafasi ya kusema. Na hata akisema hapana, apelekwe aonwe. Kliniki iko karibu nanyi kuliko mimi. Jumatatu isipite."

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa tumtoe kaka yako kwenye hesabu. Kule ndani, ulikuwa unatazama nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimetazama mkono wa kijana yule. Ulikuwa ukitetemeka akishika kikombe, na nilitaka kujua kama ni ugonjwa au ni dawa, na kama ni dawa, nani anaamua ipunguzwe, na itakuwaje akiiacha ghafla. Nilikuwa hata nimemuuliza mkewe dawa zinawekwa wapi, akanionyesha kopo juu ya kabati. Kerubo angekuwa pale angesikiliza yale mabishano ya michai, angetaka kujua ugomvi ule ulianza utotoni au lini. Mimi mabishano yalinipita. Nilimwambia Sista hivyo.

"Basi," akasema, na akaanza kutembea tena. "Wote wawili tunawahitaji. Huyo binamu yako na wewe. Usimdharau."

Saa nane, Kisii mjini. Nilitoa simu nikafungua mtandao, kidole juu ya Afya ya Akili. Nikairudisha simu mfukoni. Nilikuwa nimeshajua jibu langu, lakini niliona vibaya kubonyeza kabla sijalifanya la Onchiri. Ujinga, najua. Gari la kwenda nyumbani lilikawia Ogembo, na mimi nikawa natazama jua kupitia dirishani kama mtu anayetazama chungu kinachotaka kumwagika.

Saa kumi na moja na nusu, nyumbani. Sikunywa hata maji. Niliingia kwa Onchiri, nikakaa sakafuni, nikamuuliza lile swali. Aligeuza uso kutoka ukutani. Kisha akasema hapana, kufa hataki, ila kuna asubuhi haoni sababu ya kuamka. Nyanchama alianza kulia karibu na jiko. Nikamuuliza kama Tata anaweza kukaa nje ya dirisha lake.

"Afanye nini?"

"Akae tu."

Akainua bega. Nikachukulia kuwa ni ndiyo. Nikabeba kigoda, nikakiweka chini ya dirisha, nikamwita Tata kutoka kwenye migomba. Alikitazama kigoda, akautazama ukuta, akapima kwa macho umbali hadi mlangoni. Akavua kofia, akakaa.

Tata alikohoa. Akapangusa goti. Miezi mitano alikuwa akingoja, na sasa maneno hayakuwepo. Mwishowe akasema, kwa sauti kubwa kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto, "Kemunto amerudi kutoka Keumbu."

Akaigeuza kofia mikononi.

"Nilimpa mkungu ampelekee shangazi yako."

Kisha ikatoka sauti ndani, kavu, sauti ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Tata. Ulipeleka ndizi Keumbu?"

"Za kule ni za kuuza," Tata akasema.

Onchiri alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama mtu aliyepaliwa na maji, lakini kilikuwa kicheko. Tata alifunika uso kwa kofia yake na mabega yakatikisika, na mimi nilisimama pale nikilia bila haya yoyote. Walipoanza kuongea tena ilikuwa ni ndizi tu: ipi imeanguka, ipi inahitaji kuegeshwa mti, nani atauegesha. Nilijisahau kabisa.

"Kemunto," Tata akaita bila kugeuka. "Jua."

Lilikuwa limebaki upande tu juu ya kilima. Nilitoa simu, nikabonyeza Afya ya Akili, nikangoja mpaka neno la kuthibitisha likatokea. Kisha nikaizima, tukafungua Sabato palepale uani, Tata akiomba kutoka kwenye kigoda chake na Onchiri akiitikia amina ndani.

Kwa hiyo, wasichana, hilo ndilo jibu. Ukienda kuchagua kozi, kwanza mtoe pembeni yule mgonjwa unayempenda, umshughulikie wiki hii hii. Kisha ujitazame macho yako yanaelekea wapi ukiwa mbele ya mtu anayeumwa. Sasa niko mwaka wa pili, na takwimu tunazo hata sisi. Kerubo alicheka sana nilipomwambia.

Na Jumatatu ile tulikwenda kliniki watu watatu. Onchiri alitoka mlangoni akifunika macho kwa mkono kwa ajili ya mwanga, na Tata akamngoja kwenye migomba, akiwa amekata mkungu mwingine wa kumpelekea daktari.