Aliyenipiga Video Nikianguka

Nina kifafa. Siku nilipoanguka ufukweni, nyuma ya soko la samaki, tulikuwa wawili: mimi na rafiki yangu wa mtaa wa Nyamianda, tuliyekaa naye benchi moja tangu shule ya msingi. Mwanamke aliyekuwa karibu akianika ndagala, wale samaki wadogo, ndiye aliyenigeuza ubavu na kunifuta povu. Rafiki yangu alikuwa ameshika simu.

Siku ya pili mimi ndiye niliyekuwa kicheko cha mji wa Uvira. Video ilipita grupe hata grupe za WhatsApp, ikafika kwa kijana aliyetaka kunioa. Aliniandikia neno moja: "Samahani." Nikaacha kwaya, nikaacha kula. Kila simu ikilia kwa jirani, nilidhani wananicheka. Mama akanipandisha milimani, hospitali ya Lemera. Nikapewa dawa, sikuanguka tena. Lakini hasira haikuwa na dawa, na sikuitafutia.

Rafiki yangu akaanza kuuza vitenge mubashara kwenye simu, akitabasamu, akiwaita wateja "wapenzi wangu". Nilipomuuliza kwa maandishi kuhusu ile video, akanifungia nisimwandikie tena. Basi nikaenda kwao mchana kweupe, mlango ukiwa wazi naye akiuza mubashara, nikaingia na kusimama nyuma yake, mbele ya watazamaji wake wote.

"Weye unafanya nini hapa?" akasema, akigeuka.

"Minye ndiye ule huyu alipiga video nikianguka," nikasema, nikiitazama simu, si yeye. "Nilikuwa ninakufa, yeye anacheka. Mukitaka kununua kwake, mununuwe."

Alihangaika kuizima. Maandishi ya watu yalikuwa yanapanda upesi: "Wewe kweli ulifanya hivyo?" Nilirudi nyumbani polepole nikila ndizi. Ilikuwa tamu.

Wateja wakamkimbia. Jumapili mama yake akaja kwetu, analia hata kilemba kimelowa.

"Mutoto wangu, umusamehe mwenzako. Hatoki tena mu nyumba, hakuli."

"Mama, ile video uliiona. Mbona haukukuya kunipa pole?"

Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Mama yangu akanivuta mkono, nikautoa.

Sasa rafiki yangu amepanga meza ndogo ya vitenge sokoni. Kila Jumamosi napita hapo, namsalimia kwa sauti, kisha nanunua kitenge kwa muuzaji wa pembeni yake, nakikunjua taratibu akiona. Padri wa kanisani ameniambia nisamehe. Nimemwambia bado.